Mvua Isiyolowesha

Jogoo aliwika tena. Subilaga alikuwa amefungua faili la sauti la jana asubuhi, la mtoto wa saba katika orodha ya Shule ya Msingi Lupembwe, na kabla sikio la mtoto halijajibu, jogoo akawika kwa mbali, kisha akakatizwa katikati kama aliyetupiwa kitu. Akafungua faili la juzi. Jogoo yule yule, akakatizwa pale pale. Akafungua la mwezi uliopita, akafungua la mwaka jana. Jogoo hakuchoka.

Kwa miaka sita kazi ya Subilaga, katika ofisi ile ya ghorofa moja pale Tukuyu, ilikuwa kupokea majibu ya masikio ya watoto. Shule mia tisa za nyanda za juu zilikuwa zikisoma kwa Darasa Moja: mwalimu mmoja hodari anasema huko aliko, na watoto laki mbili, kila mmoja na kishikwambi chake na hedifoni zake, wanamsikia. Wazazi walipolalamika kwamba hedifoni zitawaua watoto masikio, ndani ya kila hedifoni kukawekwa Mlinzi. Mlinzi alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza, sauti isivuke desibeli sabini na tano. Ya pili, kila siku ya shule kabla ya kipindi, kudondosha mlio mdogo sana ndani ya sikio, kisha kunyamaza na kusikiliza sikio litarudisha nini.

Kwa maana sikio zima hujibu. Ndani kabisa mna vinyweleo vinavyotikiswa na sauti, navyo vikitikiswa hutoa kamwangwi kadogo ambako binadamu hawezi kukasikia, ila mashine inakasikia. Sikio lililochoka hujibu kwa uvivu, na lililokufa halijibu. Vinyweleo hivyo ni kama majani ya njiani: yakikanyagwa mara moja yatainuka, yakikanyagwa kila siku pale pale, hapo pataota njia na majani hayarudi. Tena hakuna sikio linalojibu namna moja siku mbili mfululizo, leo lina mafua, kesho lina nta. Lakini masikio ya watoto arobaini wa Lupembwe, na mmoja zaidi, yalikuwa yakijibu namna moja kwa miaka miwili, na jogoo wao akiwika juu yake.

Alijua kabla hajajiruhusu kujua. Alikwenda kwenye maagizo ya Mlinzi, akashuka mpaka mstari alioutafuta, akauona: *Mvua ikipiga, usipime. Tumia mwangwi mzuri wa mwisho.* Pembeni yake palikuwa na jina la mwandishi, na jina lilikuwa lake.

Aliuandika kwa mapenzi, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Subilaga alizaliwa huko huko Rungwe, akasomea chini ya bati. Mvua ikianza, mwalimu anaweka chaki chini, watoto wanalaza vichwa juu ya madawati, wanangoja. Rungwe mvua haijui adabu, inaweza kukaa wiki nzima kama mgeni asiyeaga, na Subilaga aliamini kwamba hesabu za sehemu zilimpita hivyo hivyo, kichwa kikiwa juu ya dawati. Kwa hiyo alipopata nafasi alipigania kitu alichokiita Hali ya Mvua. Kipaza sauti cha hedifoni kikisikia bati linanguruma, Mlinzi anapandisha dari ya sauti, anaruhusu mpaka desibeli tisini na nane, ili sauti ya mwalimu ielee juu ya mvua. Ni nusu saa tu, mvua inapita, dari inashuka. Walimpigia makofi siku hiyo.

Kumbukumbu za Lupembwe zilionyesha mvua kila siku ya shule, kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa nane mchana. Miaka miwili. Hata Agosti.

Na ubaya ni kwamba waliiona ile Agosti. Ofisi nzima iliiona. Mtu wa Dodoma angeshtuka, angepiga simu. Wao walicheka. Watu wa Rungwe hujisifu kwamba mwaka wao una miezi kumi na mitatu ya mvua, na Subilaga mwenyewe alisema, akikumbuka vizuri mpaka kikombe alichokuwa ameshika, kwamba Lupembwe bwana, hao wanafuga mvua.

Aligeuka akatazama ukutani. Ile barua ya shukrani kutoka kwa Mwalimu Mkuu Ambokile ilikuwa bado imebandikwa, imeanza kukunjamana pembe. Alikuwa ameisoma mara nyingi kwa furaha, na sasa akaisoma kama mtu anayesoma jina lake kwenye tangazo la msiba. Mwalimu alishukuru kwa Hali ya Mvua. Mwishoni akaongeza, kwa fahari, kwamba kijiji kimejenga mashine ya kusaga nyuma ya darasa, ukuta kwa ukuta, inasaga kuanzia saa nne mpaka saa nane, na sasa watoto wote wanapata uji.

*

Gwakisa, mkuu wa ofisi, hakuwa mtu mbaya. Yafaa lisemwe hilo, maana katika hadithi kama hizi watu hupenda kumtafuta mbaya wakapumzika. Alifunga mlango, akamsikiliza jogoo mara tatu, kisha akavua miwani na kukaa nayo mkononi. Aliuliza ni wangapi. Subilaga akamwambia arobaini na mmoja. Akauliza kama kuna shule nyingine. Subilaga alikuwa amekwisha kupekua zote mia tisa, ni Lupembwe peke yake, na Hali ya Mvua alikuwa ameizima kila mahali tangu saa mbili asubuhi.

Basi Gwakisa akamweleza kuhusu Kivuli. Lilikuwa sasisho jipya lililokuwa likijaribiwa kwa wazee. Sikio likipigwa na makelele hufa kwanza kwa sauti nyembamba, zile za s, za f, za ndege. Kivuli kinazichukua sauti hizo na kuzishusha mpaka pale ambapo sikio bado lina uhai. Mtoto akivaa hedifoni atasikia kila neno. Hatajua kwamba amepungukiwa na kitu, isipokuwa akizivua.

Subilaga akauliza wazazi wataambiwa lini. Gwakisa akasema ile hotuba ambayo Subilaga alikuwa ameshajisemea mwenyewe njiani kuja kwenye mlango huo. Vinyweleo haviponi kwa kusema wala kwa kunyamaza. Mtihani wa darasa la saba umebaki wiki tatu. Na hizo shule mia tisa, nusu yake hazina mwalimu wa hesabu hata wa dawa.

"Ukilisema leo, kesho kutwa wazazi watazirundika hedifoni uwanjani na kuzitia moto," Gwakisa alisema. "Si Lupembwe tu, kote. Na mimi nikiwa mzazi ningeleta kiberiti. Sasa niambie, Suba, hao laki mbili atawafundisha nani?"

Subilaga aliviona vile vichwa juu ya madawati. Alikuwa anaogopa pia, tusimvike kilemba kisicho chake: jina kwenye ule mstari lilikuwa lake, na mama yake Subilaga bado anasali kanisa moja na watu wa Lupembwe. Gwakisa akamwambia mtandao wa kule ni dhaifu, Kivuli ni kizito mno kutumwa, inabidi kiwekwe kwa mkono, hedifoni moja baada ya nyingine. Subilaga akasema atakwenda Jumatano. Ndivyo alivyokubali, bila neno kubwa, kama mtu anavyokubali kupita dukani.

*

Jumatano ilikuwa na jua la kuchoma. Alifika Lupembwe saa nne unusu na mashine ilikuwa imeshika kasi. Aliisikia kwenye nyayo kabla ya kuisikia masikioni. Bati la darasa lilikuwa likitetemeka lote kwa pamoja, na alipofumba macho, yeye mwenyewe, mtu aliyelelewa na bati, asingeweza kuapa kwamba hainyeshi.

Mwalimu Ambokile alimpokea kwa mikono miwili. Alikuwa mzee mwenye koti la sufu lililofungwa vifungo vyote, na alianza kwa kumshukuru upya, akamwonyesha sufuria la uji, akamwonyesha watoto walivyonenepa. Kisha akalalamika kidogo, kwa heshima, kwamba tangu wiki iliyopita hedifoni zimekufa nguvu, watoto wanasema mwalimu ananong'ona. Subilaga akasema ndiyo sababu amekuja.

Alipewa chumba cha kuhifadhia majembe. Watoto waliingia mmoja mmoja. Alimvalisha kila mmoja hedifoni zake za kupimia, zinazoziba kelele za nje, akadondosha ule mlio mdogo, akangoja mwangwi. Kwenye kioo, mstari ulinyooka. Akaongeza mlio, mstari ukanyooka. Wa pili, wa tatu. Wengine walibakiwa na kitu upande wa sauti nene, kijiwimbi cha kubahatisha, lakini juu, zilipo sauti za ndege, hapakuwa na mtu nyumbani. Alikuwa amekaa na miangwi ya watoto hawa miaka miwili, anaijua kama mtu anavyojua sauti za majirani zake. Sasa alikuwa amekaa mbele ya wenyewe, wakiwa hai, wanapangusa kamasi, na hakuna aliyejibu.

Mtoto wa tano alikuwa msichana mwenye pengo. Subilaga akasogea ili mtoto amwone midomo vizuri, akamuuliza anasikia nini pakiwa kimya. Mtoto akatazama mlangoni kwanza.

"Mvua," akasema.

Wa sita akasema mvua. Wa nane akasema yake ni ya mawe. Wa kumi na mbili akaeleza kwa makini kama mtu mzima anayeelekeza njia: kwamba Lupembwe ina mvua mbili, moja ya kila mtu na nyingine ya watoto. Ya watoto hailoweshi. Huanza ukiingia kitandani na haikatiki, na wakubwa hawaisikii. Walikuwa wamekubaliana wasiwaambie wakubwa, kwa sababu Tumpale aliwaambia, akachapwa.

Subilaga aliandika jina hilo kwenye karatasi ingawa lilikuwa tayari kwenye orodha. Mkono ulitaka kazi.

Akaweka Kivuli. Hapo ndipo jaribu lilipokuwa kubwa kuliko alivyolitegemea, kwa sababu kilifanya kazi. Mvulana mmoja alivaa, akasikiliza, akavua, akavaa tena, akafanya hivyo mara nne huku uso ukimfunguka. "Mwalimu amerudi," akasema, na kutoka mbio kwenda kuwaambia wenzake. Kufikia saa saba hedifoni arobaini zilikuwa na Kivuli, na darasa lilikuwa limeinamia vishikwambi kwa furaha kimya. Mtu angeweza kufunga mkoba wake hapo na kurudi nyumbani. Subilaga alishaanza kuufunga.

Akauliza wa arobaini na mmoja yuko wapi. Mwalimu Ambokile akapumua kwa kuchoka, akasema huyo ni Tumpale, mjukuu wa Bibi Sekela wa hapo nyuma ya uzio. Mwaka wa pili anakataa kuvaa hedifoni, anasema mvua inatokea humo. Amebembelezwa, amechapwa, hakuna lililosaidia. Mwalimu akatikisa kichwa.

"Sikio la kufa halisikii dawa," alisema.

Aliisema kama walimu wote wanavyoisema, bila chuki yoyote. Subilaga akaomba hedifoni za mtoto huyo, akaziwekea Kivuli, akazitia mkobani.

*

Nyumba ya Bibi Sekela ilikuwa hatua hamsini kutoka darasani, katikati ya migomba. Subilaga alipopita uzio alimwona msichana wa miaka kumi na moja hivi akikimbia uani mchana kweupe, anaanua nguo. Shuka zilikuwa bado zinachuruzika maji. Alizikumbatia zote kifuani, gauni lake likalowa, akazitupa ndani na kurudi kuchukua nyingine.

Bibi Sekela alikuwa kizingitini na wala hakumzuia. Alimkaribisha mgeni, akampa kigoda, akatamka "ndaga" ya watu wa kule ambayo ni shukrani na salamu kwa pamoja, kisha akasema, kana kwamba anaomba radhi kwa paka mwenye tabia mbaya, kwamba huyo mtoto ndivyo alivyo. Akihangaishwa sana na kichwa chake anaanua. Hapo nyumbani si neno, nguo zitarudishwa kambani. Tatizo ni kwa majirani. Mwezi uliopita alianua nguo za majirani watatu akawaingizia ndani, kwa wema wake, na wao wakarudi shambani wakakuta kamba tupu. Tangu siku hiyo anaitwa mwizi. Wengine wanasema anaita mvua. Bibi alikuwa amempeleka kwenye maombi, na maombi yaliposhindwa akachukua fimbo. Alisema hilo la fimbo akitazama mikono yake.

"Mtoto si mbaya," Bibi alisema. "Ila ana uongo mmoja tu, na huo hautoki."

Mkoba wa Subilaga ulikuwa magotini, na ndani yake hedifoni za Tumpale, zimeshawekwa Kivuli. Angeweza kuzitoa. Mtoto angevaa, angesikia, angerudi darasani kesho. Uongo ungetoka, Bibi angeshukuru, na fimbo ile ingebaki imepigwa kwa haki. Hapo ndipo Subilaga alipoona kile ambacho Gwakisa hakukiweka kwenye hesabu yake wala yeye hakukiweka: kwamba ukimya wao ungemfanya huyu mtoto kuwa mwongo maisha yake yote, na siku moja, akivua hedifoni akiwa mtu mzima na kuikuta mvua inamngoja, angeamini yeye mwenyewe kuwa ni mwongo.

Hakujua aanzie wapi. Akauliza, kwa sababu ndilo lililokuwa limemkaa rohoni, kama Bibi anafuga jogoo.

Bibi Sekela akacheka kwa mara ya kwanza. Akasema alikuwa naye mmoja, mkorofi kweli, hajui alfajiri wala adhuhuri. Kila watoto wakiingia kipindi cha saa nne naye anaanza, na yeye Bibi alikuwa akikaa hapo hapo kizingitini na magunzi mkononi kwa ajili yake tu, akifungua mdomo, gunzi. Walimchinja Krismasi ya mwaka juzi.

"Bado anawika, Bibi," Subilaga alisema. "Kila siku, ofisini kwangu. Anawika na gunzi lako linamkatiza. Naomba nikueleze kwa nini."

Akamwita Tumpale akae mbele yake, amwone midomo. Akaeleza yote, polepole, bila maneno ya ofisini. Mashine ya kusaga na bati. Mlinzi aliyedhani ni mvua akapandisha sauti, kuanzia saa nne mpaka saa nane, kila siku. Masikio ambayo hayakupimwa tena, na majibu ya zamani yaliyokuwa yakirudiwa kama salamu za marehemu. Alisema nani aliyeandika mstari ule. Alisema yeye na mkuu wake walitaka kunyamaza, na kwamba amekuja hapa leo kwa ajili ya kunyamaza. Alitazama chini mara moja tu, akakumbuka kwamba mtoto anamsoma, akainua uso.

Nyuma ya uzio mashine ilizimwa, maana saa nane ilikuwa imefika. Ukimya ulianguka kijiji kizima, na Subilaga akaona mtoto hakugeuza hata shingo. Kwake hapakuwa na kilichonyamaza.

"Inakatika lini?" Tumpale akauliza.

Subilaga alikuwa na maneno ya kitaalamu ya kuweka hapo, yale yanayoacha mlango wazi kidogo. Hakuyatumia.

"Haikatiki, mwanangu. Tutailinda ile sehemu iliyobaki, isizidi. Lakini hii uliyonayo haikatiki."

Mtoto alifikiri. Hakulia. Alikuwa na swali jingine, na ilionekana ndilo alilokuwa akilibeba siku zote chini ya lile la kwanza.

"Kwa hiyo sikuwa nasema uongo."

"Hukusema uongo. Hata siku moja."

Bibi Sekela alikuwa ameweka kiganja mdomoni. Alitazama shuka zilizorundikwa sakafuni, kisha akamtazama mjukuu wake tangu miguuni hadi kichwani, kama mtu anayepokea mzigo uliopotea na kuukagua. Subilaga alingoja laana. Alikuwa ameshazikubali, na zile za kesho pia, na moshi utakaopanda uwanjani kwenye shule mia tisa, na watoto watakaolaza tena vichwa juu ya madawati kwa sababu yake. Akasema kwamba wazazi wa wale arobaini lazima waitwe leo, kabla jua halijazama, na kwamba atawaambia yeye mwenyewe.

"Wataitwa," Bibi alisema. "Ngoja kwanza."

Akainuka, akashika mgongo, akatoka uani kwenye lile jua la kuchoma. Kambani zilikuwa zimebaki nguo tatu: kanga yake, shati la shule na taulo. Majirani wawili walikuwa wamesimama kwenye migomba wanatazama. Bibi Sekela alimwashiria mjukuu wake aje, akamgeukia ili aone midomo yake vizuri, na akatamka kwa nguvu, wasikie na hao wa kwenye migomba.

"Anua, mama. Anua zote, nakusaidia. Mvua inanyesha."